Mfuko wa Hasi Kumi

Jumanne, saa tatu asubuhi, Sajenti Wilbert aliutupa mfuko wa kulalia juu ya kaunta ya Candida, muuza vifaa vya mlimani pale Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Ndani ya mfuko huo Elimringi, mpagazi wa Kilimanjaro, alikutwa hana fahamu kwa baridi. Vidole vyake vitatu vya mguu vilikatwa.

"Lebo inasema nyuzijoto hasi kumi. Kambini usiku ule ilikuwa hasi tano," alisema Wilbert. "Bosi wake, Benedict, mwenye kampuni ya kupandisha watalii, anasema kanunua kwako. Umeuza feki, mama. Funga duka, twende kituoni."

"Sifungi!" Candida alichemka. "Nilimuuzia mifuko kumi, mipya. Na nikamwambia, hiyo namba ni ya kutokufa, siyo ya kulala usingizi. Vaa sweta, tandika godoro. Lakini kwa hasi tano mtu hapotezi vidole. Nipe mpaka saa nane, afande."

Wilbert alikubali shingo upande. Watu wa Dar, wanaolala na feni, huiamini lebo kama hati ya kiwanja.

Candida aliukagua mfuko. Bluu yake ilikuwa imepauka, ila kuizunguka lebo palibaki ukanda wa bluu iliyokoza, upana wa kidole. Akaenda kibarazani kwa Sitara, fundi cherehani anayeshona lebo za kila aina. Alikwenda na hasira, maana alishamhukumu.

"Shikamoo, dada," Sitara alimwamkia.

"Marahaba. Hii umeshona wewe?"

Sitara aliutazama mshono, akacheka. "Mimi nishone hivi? Huyu kashona kwa mkono, tena mbiombio. Ningeshakosa wateja, dada."

Candida alimwomba radhi.

Saa sita kamili aliwapeleka Wilbert na Benedict kwenye soko la samaki la Feri, katika chumba cha kugandishia samaki cha rafiki yake Abbasi. Kipimo cha mlangoni kilisoma hasi kumi. Candida alivaa sweta, akatandika godoro katikati ya makreti ya changu, akaingia kwenye mfuko mpya kutoka dukani kwake. Baada ya dakika arobaini alitoka pua ikimchuruzika, akilaani, vidole vyote vikicheza.

"Usingizi sijapata, lakini nipo. Zamu yako, Benedict. Ingia kwenye ule wa Elimringi."

Benedict alicheka peke yake.

"Si ulisema nilikuuzia mimi? Lebo ni ileile."

"Mnataka kuniua?"

"Kwenye mfuko wa hasi kumi utakufaje?"

Benedict alirudi nyuma. Candida akamwonyesha Wilbert ule ukanda.

"Huu umepigwa jua miaka. Lebo yake ya zamani ilikuwa kubwa zaidi, ndiyo maana hapa hapakupauka. Mipya aliwapa watalii. Baada ya ajali akakata lebo kwenye mmoja, akaishona hapa ili anibebeshe mimi msalaba."

"Watalii ndio wanaolalamika," Benedict alisema. "Elimringi mzaliwa wa Machame, baridi kaizoea."

"Na mimi wa Machame!" Candida alifoka. "Baridi haizoeleki, tunaiogopa tangu utoto. Elimringi hakukuuliza kuhusu mfuko?"

"Aliuliza. Mara mbili."

"Ukamjibu nini?"

Benedict alitazama sakafu. "Asiyetaka kulala humo arudi kwao."

Wilbert alitoa pingu. Candida akaufungua mlango wa chumba cha barafu mpaka mwisho, baridi ikampiga Benedict.

"Mfungie hapahapa, afande. Wala usiharakishe."