Abiria wa Karakana ya Zamani

Jua lilikuwa linazama, na Shangazi alibakiza safari moja tu arudi nyumbani. Madereva wenzake walimwita hivyo kwa kuwa alikuwa akiendesha pikipiki ya kampuni yao tangu ilipokuwa na madereva watatu na karakana moja ya mabati. Sasa kampuni ilikuwa imeota mbawa. Ukibonyeza simu inakubeba, inakuletea chakula, inakufikishia mzigo. Kesho yake ingeanza kupeleka dawa majumbani.

Lakini wakongwe walikuwa na lao la kunong'onezana. Wiki ile huduma ya chakula ilipoanza, Mrefu alikutwa amekufa barabarani, pikipiki yake haina hata mchubuko. Wiki ya mizigo, akafuata Fundi. Kati ya wale watatu wa mwanzo, alibaki Shangazi peke yake.

Simu ikaita. Abiria, karakana ya zamani.

Akashangaa, maana karakana ile ilifungwa miaka mingi iliyopita. Akaenda. Mlangoni kulikuwa na kufuli lenye kutu, na mbele yake mtu amesimama, amevaa kofia ngumu ya kampuni ya rangi ile ya zamani, kioo kimeshushwa. Harufu ya udongo mbichi ikamjaa puani...

Mtu yule hakusalimu. Akainua mguu apande.

"Twende, Shangazi. Tumechelewa."

Ilikuwa sauti ya Mrefu. Ila haikutoka ndani ya kofia.

Ilitoka kwenye simu.

Aliikataa safari, akaondoka mbio bila kugeuka. Alipofika kwenye taa za barabara kuu ndipo akapumua, akatazama simu.

Safari imehamishiwa dereva wa karibu.

Jina lililoonyeshwa lilikuwa la mdogo wake, Baba Pacha, ambaye Shangazi mwenyewe ndiye aliyemwingiza kazini. Akampigia papo hapo.

"Nina abiria, dada," mdogo wake alisema, upepo ukivuma. "Mwepesi huyu, kama sijabeba mtu."

"Simama hapo hapo."

"Nashika breki... hazishiki."

Shangazi aliijua njia ile ya kutoka karakana. Ingemshusha kwenye mteremko wa darajani. Akakatiza uchochoroni, akatokea mbele yake, akamkingia pikipiki. Wakagongana, wote wawili wakaangukia majanini.

Nyuma ya mdogo wake hapakuwa na mtu. Kofia tu ilibiringika, ikatulia, kioo kikiwaelekea. Ndani ilijaa udongo.

Hospitalini waliambiwa mguu wa Baba Pacha umevunjika, mengine salama. Shangazi aliwaeleza wauguzi kwamba waliteleza. Habari ya abiria hakumgusia mtu, na mdogo wake alikuwa bado amelala kwa dawa. Kwenye simu zote mbili, safari ile haikuwepo tena.

Asubuhi mwenye kampuni alikuja mwenyewe. Aliwapa pole, akasema huduma ya dawa imeahirishwa. Kisha akamwinamia Shangazi sikioni.

"Alishukia wapi?"

Shangazi alisema hajui. Ndipo yule tajiri akageuka haraka kutazama nyuma yake mwenyewe.