Bibi wa Miaka Sita Avuka Mpaka

Hii si ya zamani za kale. Ni ya Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, jua linawaka.

Palikuwa na mtoto anaitwa Nakijwa. Alikuwa na miaka sita na pengo moja la jino. Na alikuwa bibi.

Ndiyo, bibi! Alipozaliwa alipewa jina la marehemu bibi yake, mama mzazi wa baba yake. Na kwa watu wa kwao, ukirithi jina umerithi na cheo.

Basi kila asubuhi baba yake alimwamkia, "Shikamoo, mama!"

Naye Nakijwa, mswaki mdomoni, alimjibu, "Mahahaba, mwanahu!"

Jumamosi hiyo bibi huyu alikuwa na kazi. Shangazi Nakiete, dada yake baba, anaishi Kenya. Siku hiyo analetewa mahari. Na ndani ya mahari kuna blanketi la bibi. Zito, jekundu, manyoya tele.

Nani atalipokea? Bibi! Bibi asipofika, blanketi halipokelewi. Blanketi lisipopokelewa, pilau haipakuliwi. Wakwe watarudi kwao, na Shangazi atalia.

"Mkifika mpakani," mama yake Nakijwa alimwambia mlangoni, "afisa akikuuliza, sema kweli tupu."

"Kweli tupu," Nakijwa akaitikia. Huyooo, yeye na baba wakaondoka!

Mpakani foleni ilikuwa ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Kulikuwa na watu, mabegi, na kuku mmoja ndani ya kikapu. Ko-ko-ko!

Dirishani aliketi Afisa Tanui. Mfukoni alikuwa na kalamu tatu. Usoni hakuwa na tabasamu hata moja.

Akatazama pasi. Akatazama cheti cha kuzaliwa. Akatazama barua ya mama ya kumruhusu mtoto asafiri. Akainua muhuri.

"Na huyu mtoto ni nani yako?" akamuuliza baba.

Baba, kwa mazoea tu, akajibu, "Mama yangu."

Muhuri ukapanda juu.
Ukabaki juu.
Wala haukushuka!

"Ati nani?"

"Samahani, afande! Binti yangu! Ulimi umeteleza."

"Ulimi huteleza, bwana. Lakini wako umeteleza mpaka ukavunjika kiuno."

Afisa Tanui akainama dirishani. "Wee katoto, usiogope. Huyu mzee ni nani yako?"

Nakijwa akakumbuka. Kweli tupu.

"Mwanangu," akasema.

Muhuri ukapanda juu.
Ukabaki juu.
Wala haukushuka!

Foleni nzima ikapasuka. "Eee-heee-heee!" Hata kuku akacheka. Ko-ko-ko!

"Mwanao?"

"Ndiyo. Ninao watano. Huyu ndiye kitindamimba. Alidekezwa sana."

"Mama, tafadhali!" baba akanong'ona.

"Ana miaka mingapi huyu mwanao?"

"Thelathini na minane."

"Na wewe?"

"Sita. Nakaribia saba."

Afisa Tanui akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena. Nakijwa alikuwa bado na miaka sita.

"Haiwezekani! Simameni kando. Mtoto hapiti hapa mpaka nijue kwamba yuko na mtu wake."

Wakasimama kando. Ikafika saa tano. Ikafika saa sita.

Kriii! Simu ya baba ikalia. Alikuwa ni Shangazi.

"Kaka! Wakwe wamefika! Blanketi liko mezani! Bibi yuko wapi?"

"Bibi amezuiliwa mpakani."

"Jamani! Wamesema wanasubiri mpaka saa nane tu!"

Nakijwa akalitazama dirisha la afisa. Alikuwa amesema kweli tupu. Na kweli yenyewe imekaa katikati ya njia kama punda.

Aseme "baba" tu? Lakini hajawahi kumwita baba. Hata siku moja!

Akafikiri. Akafikiri tena. Kisha, hop! Akapanda juu ya begi mpaka pua ikafika dirishani.

"Afande, swali lako moja halitoshi."

"Ati?"

"Uliniuliza huyu ni nani yangu. Sasa niulize nani alinizaa."

Afisa Tanui akashika kidevu. "Haya. Nani alikuzaa?"

"Huyu hapa! Na mama yangu, yuko nyumbani."

"Na huyu hapa alizaliwa na nani?"

"Na Bibi Nakijwa. Amefariki. Jina akaniachia mimi. Na watoto wake wote akaniachia mimi."

Foleni ikasogea karibu. Kuku naye akatoa shingo kikapuni.

Kwenye dirisha la pili, Afisa Mghoi alikuwa amelalia meza, anacheka mpaka machozi.

"Tanui, gonga muhuri! Hata mimi nina jina la nyanya yangu. Baba huniita mama. Juzi amenipigia simu kunishtakia shemeji yangu!"

"Kumbe!" Afisa Tanui akakitazama cheti tena. Jina la mtoto, lipo. Jina la baba, lipo. Yote yalikuwa sawa tangu mwanzo.

Muhuri ukapanda juu.
Ukabaki juu...
KWAP!

"Yeeeee!" foleni ikashangilia. Ko-ko-ko-koooo!

Na tazama, usoni mwa Afisa Tanui kulikuwa na tabasamu. Dogo, lakini lipo.

"Karibu Kenya, shosho," akasema. Shosho ni bibi.

"Asante, mwanangu," Nakijwa akamjibu. "Sasa chomekea shati."

Afisa Tanui akachomekea shati. Fasta!

Walikimbia hao! Wakapanda pikipiki, bruuum! Njia ya vumbi, bruuum! Ikiwa saa nane kasoro dakika mbili, Nakijwa akaingia uani kwa Shangazi.

Wakwe walikuwa wameshasimama, kofia mkononi, wanataka kuondoka. Walipomwona, wazee wale wenye mvi wakainama wote.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba, wanangu. Kaeni!"

Wakakaa. Wakamfunika blanketi mabegani. Likamfunika mabega, kichwa, miguu na viatu. Bibi hakuonekana tena!

"Bibi, umepokea?" mzee mmoja akauliza.

"Nimepokeaaa!" sauti ikatoka ndani.

Vigelegele! Ai-yai-yai-yai! Shangazi akaruka. Baba akaruka. Sufuria ikafunuliwa, na harufu ya pilau ikazunguka uani.

Nakijwa alikula sahani mbili. Alicheza nyimbo tatu. Wa nne ulipofika katikati, akasinzia palepale.

Shangazi akambeba hadi kitandani. Akambusu kwenye paji la uso. Kisha akatoka mlangoni, kidole mdomoni, akawatazama wakwe wote.

"Shhh! Punguzeni muziki," akanong'ona. "Mama yangu amelala."