Kisanduku Kilichomnyamazisha Babu

Kila siku akitoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni, akanawa mikono, kisha akaenda moja kwa moja kumpa bibi yake habari za siku nzima. Habari zenyewe hazikuwa fupi. Nani kaitwa ubaoni akababaika, nani kanuniana na nani na kwa sababu gani, mwalimu wa sayansi kaja kavaa sweta nje ndani: yote aliyamwaga mpaka Bibi akacheka na kumwambia apumzishe taya. Maneno hayo mengi ndiyo yaliyofanya nyumba nzima wamwite Chiriku, na hata mwalimu wake wa darasa la sita alikuwa amekwisha kulizoea jina hilo.

Bibi hakuwa akitoka sana tangu alipoumia nyonga. Siku zake zilipita kati ya kitanda, dirisha na kiti cha mito kilichokuwa sebuleni. Yeye na mjukuu wake walitaniana kutwa. Bibi alimwita "mke mwenzangu", kwa kuwa Babu enzi za uhai wake alikuwa akimwita mtoto huyo mchumba. Chiriku naye hakukubali kushindwa. Alidai kwamba yeye ni mke mdogo, kwa hiyo ndiye aliyependwa zaidi. Babu alikuwa amefariki miaka minne iliyopita.

Kazi ya Babu ilikuwa kupiga picha. Kwa miaka mingi alizunguka na kamera ya video begani akirekodi harusi na mahafali ya watu, na siku asizokuwa na kazi alirekodi nyumba yake mwenyewe: watoto wakioga kwenye beseni, mkewe akifagia, jirani akipaka rangi ukuta. Kwa sababu kamera alikuwa ameishika yeye, katika kanda zote hizo hakuonekana hata mara moja. Alisikika tu, akielekeza na kutania. Mjomba, kaka yake Mama, kabla hajahamia mbali kikazi, alizihamishia kanda hizo kwenye kompyuta ndogo isiyo na skrini, akaiweka juu ya kabati la ukumbini. Kazi ya kompyuta hiyo ilikuwa kutunza video na kuzigawa kwa waifai humo nyumbani. Lakini skrini ya simu ni ndogo na macho ya Bibi yalikuwa yamechoka, hata sauti ya simu aliipata kwa tabu. Alitamani kuziona kwenye runinga ya sebuleni, nayo ilikuwa ya zamani, haikujua lolote kuhusu waifai. Ilihitaji kisanduku cha kuiunganisha na ile kompyuta.

Mama, aliyekuwa muuguzi, akasema Jumamosi watakwenda kukinunua. Kazi ya kuchagua akampa Chiriku, kwa kuwa mambo ya simu na rimoti aliyajua kuliko watu wazima wote wa nyumba hiyo. Mjomba alimpigia simu kumwelekeza. Alimwambia aweke kwenye flashi mafaili matatu: jipya kuliko yote, kubwa kuliko yote, na la zamani kuliko yote kutoka kamera ya Babu. Dukani ayajaribu moja baada ya jingine. "Hilo la zamani ndilo mtihani wenyewe," alisisitiza. "Lisikilize, usilitazame tu."

Walikwenda kwa fundi mmoja aliyeitwa Mama Waya, mwanamke mnene, mpole, ambaye haukuwahi kuonekana waya uliomshinda. Duka lake lilijaa rimoti zilizotundikwa ukutani na redio zilizofunguliwa matumbo. Alikuwa na utaratibu wake. Hakukuuzia kisanduku mpaka ukijaribu kwa mafaili yako mwenyewe kwenye runinga yake. Ukisharidhika, alikiandika chini kwa kalamu ya wino mzito, "Kimekubaliwa", na kikishaandikwa hivyo hakirudi. Mama alimwacha Chiriku hapo, yeye akaenda duka la dawa la jirani kupanga foleni ya dawa za Bibi.

Visanduku vilivyofaa vilikuwa viwili. Cha kwanza kilikuwa cha kijivu, kinene, kimejaa matundu ubavuni, na ukikitazama ungedhani ni mche wa sabuni uliokatwa nusu. Cha pili kilikuwa cheusi, chembamba, kinang'aa, na rimoti yake ilisikia maneno ya mtu. Ukiiambia ikutafutie katuni, inakutafutia. Kilikuwa na michezo ya magari pia. Rafiki aliyekaa naye dawati moja alikuwa nacho cha aina hiyo hiyo, na kila Jumatatu hakuishiwa cha kusimulia. Kwa mtu mwenye mdomo kama wa Chiriku, kukaa kumsikiliza mwenzake kila Jumatatu ilikuwa adhabu.

Akachomeka flashi kwenye kile cheusi. Faili jipya, la yeye akiimba shuleni, likafunguka mara moja. Faili kubwa likafunguka. La zamani nalo likafunguka: Bibi, bado kijana, anaanika nguo uani. Picha ilikuwa safi lakini sauti haikutoka. Chiriku akaongeza sauti, akaongeza tena. Kimya. Redio ya dukani ilikuwa ikiunguruma pembeni, akajiambia kwamba labda sauti ipo ila redio imeizidi nguvu. Alijua fika kwamba anajidanganya. Jana yake tu alilifungua faili hilo kwenye simu ya Mama kabla ya kulinakili, akamsikia Babu vizuri kabisa.

Mama Waya alikuwa akimhudumia mteja mwingine. Aligeuza shingo akamuuliza, "Yote matatu yamecheza, mwanangu?"

"Yamecheza."

"Na sauti ya lile la zamani umeisikia?"

Chiriku alikitazama kisanduku cheusi. "Nimeisikia."

Fundi akachukua kalamu, akakigeuza, akaandika. Mama aliporudi na mfuko wa dawa, kazi ilikuwa imekwisha.

Mchana huo Bibi aliomba asaidiwe kuoga mapema. Alivaa gauni lake la kutokea, akachana nywele, akajipaka mafuta mpaka uso ukang'aa, kisha akakaa kwenye kiti chake wima kana kwamba kuna mgeni anakuja. Mama alimtania kuwa amependeza kupita bibi harusi. Bibi akajibu kwamba ana miadi na mumewe na wasimcheleweshe.

Video ikaanza. Bibi kijana akaanika nguo, akageuka, akasema jambo, akacheka, akanyamaza kama anayesikiliza, akacheka tena. Bibi wa kitini aliinama mbele. "Ongeza sauti, mke mwenzangu," alisema. Chiriku aliongeza mpaka mwisho. Wakajaribu video nyingine, na nyingine tena. Kote watu walifungua midomo na hakuna kilichosikika.

Mama alishangaa, maana Mjomba alikuwa amesema kanda zote ziko sawa. Kabla Chiriku hajafikiri, ulimi ukamtangulia. "Nadhani ni kanda, Mama. Zilikaa sana, sauti imeharibika."

Mama hakuwahi kuzifungua kanda hizo kwenye simu yake, na alikuwa anachelewa zamu, akasema watamuuliza Mjomba siku nyingine, akachukua mkoba wake na kuondoka. Bibi alibaki akitazama skrini. Hatimaye alisema kwa upole, "Sura yake ninayo pale ukutani. Sauti ndiyo nilikuwa nimeanza kuisahau." Kisha akampapasa Chiriku kichwani, akamwambia asisikitike, amechagua kitu kizuri, kosa si lake. Chiriku angeona afadhali kama Bibi angemkaripia.

Jumapili alicheza michezo ya magari, akashinda, na wala hakuona raha. Jumatatu rafiki yake alimsubiri asimulie, Chiriku akamwambia kichwa kinamuuma. Alipofika nyumbani alimpa Bibi habari za shule mbilimbili, bila chumvi, na Bibi naye hakumwambia apumzishe taya.

Jioni Mama alikuwa nyumbani. Walikuwa wanakunja nguo sebuleni Bibi aliposema, "Mwambie kaka yako azifute zile video."

Mama aliacha kukunja. Akamwambia hakuna sababu ya kuzifuta, zikae tu.

"Zinajaza kompyuta bure," Bibi alisema. "Na mimi sitaki kujiona naongea na mtu asiyenijibu. Inaniuma kuliko kutoziona. Mpigie sasa hivi, kabla sijabadili mawazo."

Mama alijaribu kubishana, lakini alipoona machozi yanamlenga mama yake, akachukua simu na kuanza kutafuta namba ya Mjomba. Chiriku alikuwa ameshika soksi moja. Akajikaza, akaiweka soksi chini.

"Mama, usipige," alisema. "Sauti ya Babu haijaharibika. Nilimsikia kwenye simu yako siku ya Ijumaa. Ni hiki kisanduku ndicho hakiwezi kuitoa. Nilijua tangu dukani, nikasema uongo kwa sababu nilikitaka."

Mama alifungua mdomo, na uso wake ulionyesha kuwa kinachokuja si kidogo, lakini Bibi aliinua mkono kumzuia. Alimgeukia mjukuu wake.

"Kwa hiyo sauti yake ipo?"

"Ipo, Bibi. Haijaenda popote."

Bibi akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakamtikisika. Mama akamkumbatia, na Chiriku, asiyejua kama ana ruhusa ya kusogea, akalia peke yake pale pale alipokaa. Baadaye Mama alitaka kumfungulia video kwenye simu amsogezee sikioni. Bibi akamshika mkono. Alisema ameingoja miaka minne, haitamshinda siku moja. Kwanza kile kisanduku kirudi kilikotoka, na atakayekirudisha ni aliyekichagua.

Kesho yake baada ya shule walikwenda. Mama alisimama mlangoni mwa duka, akamwonyesha Chiriku kwa kidevu kwamba njia ni yake. Chiriku alimwamkia Mama Waya, akakiweka kisanduku mezani, na kwa mara ya kwanza maishani akakosa pa kuanzia. Fundi alikigeuza, akamwonyesha maandishi yake mwenyewe. Akamkumbusha kwamba alimuuliza kuhusu sauti naye akajibu.

"Nilikudanganya," Chiriku alisema. "Sikusikia kitu. Nisamehe, mama."

Mama Waya hakupandisha sauti. Alimweleza kwamba kisanduku hicho si kibovu. Kamera za zamani zilihifadhi sauti kwa namna yake, na si kila kisanduku kina ufunguo wa kuifungua. Ndiyo maana huwauliza wateja, na ndiyo maana huandika. "Mimi siwezi kusikiliza kanda za kila mtu," alisema. "Neno lako ndilo lililokuwa sikio langu." Kisha akalowesha kitambaa kwa spiriti, akayafuta yale maandishi taratibu, akasema amekipokea kwa sababu mtu amekuja kusema kweli akiwa hajaburutwa.

Akamletea kile cha kijivu. Safari hii alizima redio, akaketi, akamtaka Chiriku aliendeshe faili la zamani mwanzo mpaka mwisho bila kuruka hata dakika moja. Sauti ya mwanamume ilijaa duka zima. Chiriku alipogeuka kumtazama Mama, aliona amewapa mgongo, anajifuta macho kwa kiganja.

Bibi hakuvaa gauni la kutokea mara hii. Alisema huyo mume amemchelewesha siku tatu, basi amkute na khanga ya nyumbani. Chiriku akachomeka waya, akaichagua video, akabonyeza.

"Geuka huku, bibie," Babu alisema, na ilikuwa kama yuko nyuma ya kiti. "Hapana, usiangalie kamera, niangalie mimi. Hivyo hivyo. Leo umeamka mzuri, au ni hilo jua?"

Bibi kijana alicheka, akasema ana nguo za kuanika na yeye anamletea upuuzi wake. Waliongea hivyo kwa muda, maneno ya kawaida ya mtu na mkewe, kuhusu sabuni iliyokwisha na mtoto aliyepoteza kiatu. Bibi alisikiliza amefumba macho. Skrini kubwa yote ile hakuihitaji. Mwishowe Babu akauliza, "Nizime?"

"Zima bwana, nina kazi," alijibu yule Bibi kijana wa uani.

"Usizime," alisema Bibi kitini.

Skrini ikawa nyeusi. Bibi alinyoosha mkono akamvuta Chiriku karibu, akamkalisha kwenye mkono wa kiti.

"Sikiliza, mke mwenzangu," alisema. "Kuchagua vibaya si neno. Mimi mwenyewe nimechagua vibaya mara nyingi, vitu na hata rafiki. Kisanduku kisichofaa kina duka la kukirudisha. Lakini ule uongo wako ningeurudisha duka gani? Nusura nimfute mume wangu kwa mkono wangu, kwa sababu nilikuamini. Ukikosea, niambie ningali naweza kukusaidia. Mapema, hata kama unaogopa. Umesikia?"

"Nimesikia, Bibi."

"Na jana uliogopa, lakini ulisema. Hilo nalo nimeliona." Akamfuta machozi kwa pindo la khanga yake. "Haya, rudisha mwanzo. Tumsikie tena mume wetu."