Zamu ya Mzee Ishak

Kila Jumamosi, Ngigi, msimamizi wa ploti ya vyumba vya kupanga mtaani Kaptembwo, alibisha mlango wa aliyefikiwa na zamu ya kuosha choo. Jumamosi hii zamu ilikuwa ya Mzee Ishak, fundi wa viatu, naye alikuwa kizuizini tangu mwaka jana, ingawa jina lake lilibaki kwenye orodha. Basi ugomvi ukazuka, nani aoshe badala yake.

"Nimwoshee mgeni choo? Thubutu!" alifoka Mama Joyline, mmoja wa wapangaji. "Arudi kwao!"

Kwao wapi, jamani? Idara ya Uhamiaji ilitaka kumrudisha katika nchi ya wazazi wake, lakini nchi hiyo ilimkataa katakata. Nerima, aliyeishi na mamake kwenye ploti hiyo, alijua hayo, ingawa hakumpenda mzee huyo hata chembe. Mpira wa watoto ukigusa mlango wake, mzee aliuficha.

Jumatatu, shule zikiwa zimefungwa, Nerima aliandamana na mamake mahakamani. Mama na Ngigi walikuwa wameitwa kutoa ushahidi katika kesi ya Mzee Ishak.

"Mathe, sema ni mtu wa kupita tu," Ngigi alimwonya Mama mlangoni. Alikuwa amemwahidi shemeji yake chumba cha Mzee Ishak. "Ukimtetea, na wewe utahama."

Hakimu aliwatazama. "Sheria inaruhusu kumzuia mtu ili asafirishwe. Kama hakuna nchi ya kumpokea, kuendelea kumzuia ni kumfunga bila kosa. Nataka kujua jambo moja. Nikimwachilia, ana makao?"

"Simjui, mheshimiwa," alijibu Ngigi, macho makavu. "Alikuwa akipitapita tu."

Mama alipoulizwa, alimtupia Ngigi jicho, kisha akainama. Nerima alimwona Mzee Ishak akifumba macho, akasimama.

"Anadanganya!" aliropoka. "Ngigi alikuwa akimwamsha Mzee Ishak aoshe choo! Hata juzi tumegombana kwa sababu ya zamu yake!"

Watu waliangua kicheko. Hakimu hakucheka. "Mama, ni kweli?"

"Ni kweli," Mama alisema akiinua uso. "Nilihamia pale nikamkuta."

Mzee Ishak aliachiliwa, akaamriwa kuripoti polisi kila wiki. Alipita mbele ya Nerima bila kumtazama.

Nyumbani hakuna aliyewasalimu. Mtu alikuwa amemwaga maji machafu mlangoni pao. Nerima alilia kwa hasira. "Hata asante hakusema! Na mimi simpendi!"

"Hata mimi simpendi," Mama alisema, akichukua ufagio. "Lakini usingoje kumpenda mtu ndipo umsemee ukweli. Leo mimi niliogopa, mwanangu. Hapo usiniige."