Pale Mbio Zinapoishia

Jumapili ya mbio za kwanza, kivuko cha Alunguli hakikuwa na hata mahali pa kutemea mate. Ukitaka kuwaona watu wa Kindu wote kwa mara moja, usihangaike kwenda kanisani wala msikitini. Ngoja siku klabu zinaposhusha piroge, mitumbwi yao ya mbio, majini. Baiskeli zenye magunia ya mchele zilikuwa zimekwama katikati ya watu, wamama wamebeba mabeseni ya mikate ya moto, na mashabiki wa Kasuku, ng'ambo ya mto, walikuwa wamevuka tangu asubuhi kuja kuwatukana wenyeji kwao.

Katika kelele hizo alisimama Émilienne, kocha wa wanawake wa Klabu Mawimbi, mwenye miaka arobaini na minne, kikwembe cha kijani kimemkaa vizuri kiunoni, filimbi shingoni. Sauti ilikuwa imeanza kumkauka.

"Nathalie! Kafi siyo mwiko wa bukari! Shika juu, mama, juu!"

Hapo mtu mmoja akarudi nyuma bila kutazama, akamkanyaga kidole gumba.

"Ayi! Papa, macho yako iko wapi?"

"Unisamehe, mama, sikuku..."

Mtu yule akageuka. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, suruali ameikunja mpaka magotini, viatu ameshika mkononi. Mvi zilikuwa zimeanza kumtoka juu ya masikio.

"Émi," akasema.

Duniani kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemwita hivyo. Émilienne akakisahau kidole chake.

"Njo weye kweli?"

"Njo miye."

"Weye si ulikufa?"

"Nani alisema nilikufa?"

"Miye! Nilikuzika mwenyewe, humu." Akajigonga kifua. "Na matanga nililia, nikamaliza. Sasa toka kwenye njia, nina piroge ya kuangalia."

Akapuliza filimbi karibu kabisa na sikio la yule bwana, akaenda zake. Siku hiyo Mawimbi walishika nafasi ya pili, na kocha wao hakuweza baadaye kusimulia hata nusu ya mbio.

Huyo bwana alikuwa Okito. Zamani, kabla hajaota mvi, alikuwa mpiga kafi bora wa Mawimbi, na Émilienne alikuwa binti aliyemwimbia kutoka ukingoni. Walipendana waziwazi, mapenzi ni kikohozi, na wao walikohoa mpaka mama wa Émilienne akaanza kupanga mahari kichwani. Ila ulikuwa mwaka wa 2002. Vita ilikuwa imekaa mjini mwaka wa nne, na vijana wenye mikono ya kafi walikuwa wanakamatwa wakavushe askari mtoni. Wengine walivusha, hawakurudi.

Okito akakimbilia mashamba ya Kailo, akajificha miezi miwili katikati ya mpunga. Kisha akatuma neno kwa binamu yake Victorine, aliyekuwa akipita na mafuta ya mawese kichwani: *Mwambie Émi, Jumapili nakuja kumchukua, tunashuka wote mpaka Kisangani. Aningojee pale mbio zinapoishia.*

Victorine alifikisha neno lile lile, bila kupunguza wala kuongeza. Émilienne akafunga kikwembe na mkate wa muhogo, akatoka kabla watu hawajaamka. Akangoja. Jua likapanda, likawa utosini, likaanza kushuka. Kwa mbali, upande wa juu wa mto, alisikia risasi mbili tatu, akajilaza kwenye matete, akaendelea kungoja. Mpaka saa kumi hakuja mtu. Akarudi nyumbani, akamwambia mama yake kwamba alikwenda kutafuta kuni, na mama akatazama ile mikono mitupu asiulize kitu.

Tangu siku hiyo Émilienne aliapa kwamba hatangoja tena mwanamume kwenye ukingo wowote. Baadaye aliolewa na mwalimu mpole, wakaishi vizuri miaka tisa, Mungu akamchukua mwalimu. Waliokuja baada ya hapo kumtongoza aliwafukuza kwa sababu moja tu: wa kwanza alichelewa saa moja, wa pili saa mbili. Watu husema mvumilivu hula mbivu. Émilienne angekuambia kwamba nyingine huoza hapo hapo mtini.

Jumatano mchana simu yake ikalia.

"Allô?"

"Émi, usikate."

"Nani alikupa namba yangu?"

"Jérôme."

"Kaka yangu? Ataniona leo."

"Usimgombeze. Nilimuomba siku tatu. Émi, nataka nikuulize neno moja, halafu nikuache. Siku ile, kwa nini hukuja?"

Émilienne akainuka alipokaa. "Miye? Miye njo sikuja? Okito, weye unaniuliza miye?"

"Nilikungoja pale mawe ya misheni tangu alfajiri. Askari walinifukuza saa saba, wakanipigia risasi, nikajitupa majini. Nikajua umekataa. Nikasema, mutoto wa watu ana haki, nani anataka kuolewa na muntu anayekimbia kimbia?"

"Mawe gani?"

"Ya misheni. Pale mbio zinapoishia."

Kuku walisikika uani.

Hapa lazima ujue jambo ambalo kila mtoto wa Alunguli analijua. Mto ukijaa, mbio zinaishia kwenye mawe ya misheni. Mto ukishuka, mawe yanabaki nchi kavu, na chini kule, mwendo wa nusu saa, mchanga unatokea. Kuanzia siku mchanga unapotokea, mbio zinaishia Mchangani. Hakuna anayetangaza. Mtu wa klabu anaamka, anautazama mto, anajua.

"Okito," Émilienne akasema polepole, "maji ilikuwa imeshuka. Mwaka ule ilishuka mapema. Mchanga ulikuwa nje wiki nzima. Miye nilikuwa Mchangani."

"Kailo mvua ilikuwa bado inanyesha kila siku," Okito akasema. "Miezi miwili sikuuona mto. Nilifika kungali giza, nikakaa nyuma ya mawe. Sikuwaza hata kuangalia." Sauti yake ikavunjika. "Miye, mutu wa Mawimbi. Sikuangalia maji."

"Nusu saa ya miguu," Émilienne akasema, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio bila kumwomba ruhusa. Akalia kwa uchungu wa msichana wa miaka ishirini na miwili, na huko upande wa pili wa simu mtu mzima naye akavuta makamasi.

Baada ya hapo simu hazikukatika. Okito alisimulia: huko Kisangani amekuwa fundi wa kuunda baleinyera, zile boti kubwa za mbao za mizigo, alioa, mke akamwacha, watoto wamekua. Alikuja Kindu kwa msiba wa shangazi, akajiambia kwamba atakwenda kutazama mbio tu. Mbio tu!

"Na ulinikanyaga kwa makusudi," Émilienne akamwambia siku ya pili, wakiwa wamekaa kwenye viti vya plastiki mbele ya nyumba ya Jérôme, sahani ya samaki wa kuchoma kati yao.

"Haki ya Mungu, hapana. Ila kama ningejua kidole ni chako, ningekanyaga mapema."

"Mzee mzima, na maneno bado ya kitoto."

"Mzee nani? Angalia mikono hii."

Aliiangalia. Ilikuwa mipana, imepasuka kwa msumeno, na alitamani kuishika. Akamtolea samaki miiba badala yake, jambo ambalo Jérôme aliliona kutoka dirishani, akaenda kumwambia mke wake kwamba dada amekwisha.

Mwisho wa wiki Okito akasema: "Twende wote Kisangani, sheri wangu."

"Niache wanawake wangu kumi na wawili katikati ya msimu? Wapi! Mbio ya Lokandu inakuja, halafu finali. Na hata bila mbio, siondoki hapa. Hapa kwetu."

Okito akafikiri kidogo. "Basi miye njo nitakuja. Kuna boti moja sijamaliza. Naimaliza, ninarudi kukaa."

"Unarudi siku gani?"

"Nitarudi."

"Nimekuuliza siku gani, Okito."

"Usiniulize siku, Émi. Tafadhali."

Émilienne akasimama, akakunja kikwembe. Moyo wake ulishuka mpaka kwenye kandambili. Mwanamume anayekuja kweli anasema siku. Asiyekuja anasema nitarudi. Hilo alilijua kuliko alivyojua kafi.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema.

"Miye ni mutu wa mto. Nachota mengine."

"Chota. Ila miye sikungojei, usikie vizuri. Sikungojei."

"Sawa," Okito akasema. "Usiningojee."

Na alisema kwa upole mno, hata Émilienne akazidi kukasirika.

Okito akaondoka. Alipiga simu kila jioni. Aliuliza habari za kikosi, kama Nathalie bado anatumia kafi kama mwiko, nani amewekwa mbele kuimba. Akasema mbao zimekuja, akasema wamepaka lami. Kila jioni Émilienne akauliza siku, na kila jioni yeye akakwepa. Mbio za Lokandu walishinda kwa nusu piroge, wanawake wakambeba kocha mabegani, wakamtupa majini na filimbi yake. Alipotoka, akichuruzika, jambo la kwanza alilolifikiria lilikuwa kumwambia Okito. Na hilo likamtisha. Alikuwa ameanza kungoja simu. Kungoja simu na kungoja ukingoni, tofauti iko wapi?

Jioni ile alimjibu kwa neno moja: "Siku gani?"

"Émi, roho yangu..."

Akakata. Akaifunga namba ile kabisa, isipite tena. Usiku akalala vibaya, asubuhi akawakimbiza wanawake wake ufukweni mpaka Nathalie akauliza kama kocha amefiwa.

Zikapita siku nane. Jumanne, saa nne asubuhi, Émilienne alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo. Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima. Kikwembe cha zamani chenye tundu. Miguu ina matope. Mlango wa ua ukabishwa.

"Ingia, Nathalie, uko wazi!"

Akaingia Okito. Begani alikuwa na sanduku la vyombo vya useremala, msumeno umechomoza, na nyuma yake mwenye baiskeli alikuwa anashusha godoro.

Émilienne akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Mama yangu! Sasa ndiyo unakuja? Nikiwa hivi? Hukuweza hata kusema?"

"Niseme wapi? Umenifungia simu."

"Na kabla ya kufunga? Nilikuuliza mara ngapi? Kila siku, Okito! Kila siku nilikuuliza!"

Okito akalishusha sanduku chini, akajipangusa jasho.

"Ningekutajia siku, ungengoja," akasema. "Mto ni mto. Mashine ingeharibika njiani, au tungekwama kwenye mchanga, ningechelewa siku mbili, na weye siku hizo mbili ungezikaa ukingoni tena, hata kama ungekuwa jikoni. Nikasema, hapana. Émi amengoja ya kutosha. Bora anikasirikie."

Émilienne akauinua mchi. Akaurudisha kinuni bila kutwanga. Alitafuta maneno makali ya kumwambia. Alichokipata ni kwamba anampenda mtu huyu, kwamba hakuacha kumpenda hata siku moja, na kwamba hataki tena kujidanganya.

"Nimepanga chumba kwa mzee Yassine, nyuma ya soko," Okito akaendelea, kwa haraka, kama mtu anayeogopa kufukuzwa. "Sikuja kukulazimisha kitu. Nataka kwenda kwa Jérôme kesho asubuhi, nimuambie nimekuja kukuoa. Ukinipa ruhusa. Nikitoka kwake nitapita hapa, nikuambie alivyojibu."

"Hapana," Émilienne akasema.

Uso wa Okito ukaanguka.

Émilienne akaujaza kiganja nywele zake zisizosukwa, akazibana nyuma, akamsogelea mpaka harufu ya lami na jasho ikampata, akamshika ile mikono.

"Upite hapa, miye niwe nimekaa nakungoja?" akasema. "Hapana, Okito. Kwa Jérôme tunakwenda wote wawili, na tunakwenda sasa hivi. Nioshe miguu tu."