Duara la Chaki Mlangoni

Miaka ile watu walikuwa bado wanabisha hodi. Siyo hii ya sasa ya geti la chuma na kengele yenye jicho, mgeni anahojiwa na ukuta kabla hajaonana na binadamu. Mwisho wa mwaka ukifika, milango ya mtaa wetu ilikuwa wazi tangu asubuhi, redio zinashindana, ndugu wameshuka kutoka kila pembe, na kila nyumba imejaa mpaka wengine wanakula wamesimama.

Mwaka huo zogo lilizidi. Diwani wetu alikuwa amefariki miezi kadhaa nyuma, uchaguzi mdogo ukapangwa mara tu baada ya sikukuu. Kwa hiyo pamoja na wageni wetu wa kawaida, tukapata na wapiga kampeni, nyumba kwa nyumba, wengine wanakuja saa ya chakula makusudi kabisa.

Ndivyo Ticha alivyofika kwenye nyumba ya kina Nesi.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mrefu, mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono ina makali. Shule zimefungwa, hana mke, chumbani kwake hana hata wa kugombana naye, akajitolea kumwombea kura mama wa duka la vitabu. Mfukoni alibeba vipande vya chaki, maana chaki ndiyo ilikuwa utaratibu wa timu yao. Nyumba ikishakubali, unachora vema kwenye fremu ya mlango, haipotezewi muda tena. Ikikataa, mstari. Ikiyumba, duara, na aliyechora duara ndiye anayerudi kubembeleza mpaka kieleweke.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, ila viti vimeisha," akajibu Shangazi barazani, miguu kwenye kigoda, anajipepea na mfuniko wa ndoo. Baraza lilikuwa soko kabisa: mjomba analala na gazeti usoni, binamu wanagombania kioo, mtoto wa nani sijui analia kiatu kimembana.

"Nitasimama tu, mama. Nina neno moja..."

"Mama yuko jikoni, mimi ni shangazi. Unamwombea nani?"

"Mama wa duka la vitabu."

"Basi umemaliza kazi. Nimesoma naye yule, tumechapwa kwa fimbo moja. Nyumba hii yote, kuanzia Babu mpaka mpangaji wa chumba cha nyuma, tunampa yeye. Haya, nenda kawasumbue majirani."

Ticha akashukuru, akachora vema yake safi, akageuka kuondoka. Mlango ukafunguka.

"Nani anachafua mlango wa mama yangu?"

Alikuwa na gauni la njano lenye mikono mifupi, miguu peku, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama wima, kitana kimechomekwa katikati kama bendera. Huyo ndiye Nesi, binti wa nyumba, muuguzi wa hospitali kuu, likizoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu.

"Ni... alama tu, dada. Ya kampeni."

"Na mimi mbona hujaniuliza?"

"Nakuuliza sasa. Utampa nani kura yako?"

"Mimi sijaamua. Na kwa kampeni ya kuchafua milango ya watu, sijui kama nitaamua." Akageuka, gauni likapepea, akarudi ndani kumalizia kichwa.

Ticha akabaki amesimama. Shangazi alikuwa amekwenda kumvua yule mtoto kiatu, mjomba bado yuko chini ya gazeti. Kijana akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akafuta vema kwa mkono wa lile shati lake. Palepale akachora duara, la mviringo kama sahani, maana mkono ni wa mwalimu.

Kesho yake akarudi.

"Umetumwa?" Nesi akamuuliza.

"Kura yako bado inayumba."

"Leo umeleta nini?"

"Barabara ya lami."

"Weka hapo. Kesho?"

"Maji, asubuhi na jioni."

"Muongo wewe! Mgombea wako mwenyewe anajua kama umeshaahidi maji?"

Akarudi tena, na tena. Akaketi jikoni kumenya viazi na mama mtu. Akacheza karata na mjomba akakubali kufungwa, mpaka mjomba akatangaza kwamba huyu kijana ana malezi. Binamu wakawa wakiona shati jeupe linakunja kona wanapiga kelele, "Kampeni hiyoo!" na Nesi anakimbilia ndani kubadili gauni, halafu anatoka anajifanya ameshtuka.

Simu za enzi hizo zilikuwa za kubonyeza, vocha unakwangua kwa ukucha. Ya Nesi ililia mchana wakati nyumba imepumzika, ni Ticha.

"Kura yangu imelala?"

"Imelala, na imekuota."

"Nilikuwa nafanya nini huko ndotoni?"

"Unaahidi mambo."

"Kipenzi, hiyo siyo ndoto, hiyo ni kazi yangu."

Nesi akacheka kweli na hilo neno, 'kazi yangu'. Baadaye ndilo lililomrudia.

Siku moja walikuwa uani wanaanika mashuka, nyumba yenye wageni haiishi mashuka, Nesi akamwambia jambo ambalo hata mama yake alikuwa hajui. Hospitali ilimtaka aende mpakani, mbali, kufungua zahanati mpya na kuisimamia mwenyewe. Akikataa atabaki wodini palepale, na nafasi kama hiyo haiji mara mbili. Jibu lilitakiwa kabla likizo haijaisha.

"Nilishaamua kukubali," akasema, kibanio mdomoni. "Sasa sijui tena. Wewe unasemaje?"

Ticha, aliyekuwa na la kusema kwenye kila mlango wa mtaa, akanyoosha shuka lililokwisha kunyooka.

"Ni nafasi kubwa," akasema.

"Basi?"

"Ni nafasi kubwa sana."

Nesi akamwangalia, akachukua ndoo yake, akaingia ndani.

Asubuhi iliyofuata Ticha hakuja, timu ilimpeleka upande wa pili wa kata. Aliyekuja ni Msimamizi wao, mwanamke mwenye kofia ya kampeni na kalamu sikioni, anakagua milango yenye maduara. Nesi alimkuta barazani, yeye mwenyewe amebeba sinia la glasi.

"Ehee, ndiyo hii nyumba yetu sugu!" Msimamizi akacheka. "Mwenzangu, mnatutesa. Kata nzima imeshasema ndiyo au hapana, nyie bado duara tu."

"Duara ndiyo nini?"

"Wanaoyumba, wa kubembelezwa. Nikamwambia Ticha achana nao, akakataa. Akasema kuna dada mmoja hapo mgumu, huyo akilainika nyumba nzima inakuja. Na kwa maneno, yule kijana namwamini! Mlango mgumu nampa yeye."

"Anawalainisha wengi?"

"Weee! Bibi mmoja alimpa mpaka kuku."

Nesi akaweka sinia chini polepole. Glasi hazikulia hata moja. Alimkaribisha mgeni juisi, akamsindikiza vizuri hadi njiani kama alivyofunzwa, kisha akaingia chumbani, na simu ya kwanza aliyopiga ilikuwa ya hospitali. Akakubali mpakani. Simu ya pili hakuipiga, ilimkuta.

"Kipenzi, leo wamenitupa mbali, lakini jioni..."

"Nimeshajua duara ni nini, Ticha. Nimeambiwa kila kitu. Umefanya kazi nzuri, kura zetu mnazo. Usirudi."

"Ngoja, nikueleze..."

"Utaeleza kwa maneno gani? Yaleyale ya nyumba kwa nyumba?"

Akakata. Ticha akapiga, ikaita. Akapiga tena, imezimwa. Jioni alifika hadi kona ya mtaa, akaliona baraza, akasikia kicheko cha Shangazi, akasimama pale. Kweli alikuwa amedanganya. Na akiingia kueleza, atakuwa anambembeleza binti aache nafasi ya maisha yake kwa ajili ya mwalimu wa chumba kimoja. Akageuza.

Siku ya kura nyumba nzima ilitoka imevaa zile nguo za sikukuu, manukato mtaa mzima, Babu na koti lake la harusi. Matokeo yalipotangazwa, mama wa duka la vitabu alikuwa ameshindwa kwa kura chache mno, hata wapinzani walimwonea huruma.

Baraza likawa kama msibani.

"Na sisi tulimpa zote!" Shangazi akalalamika, mfuniko wa ndoo unapepea kwa hasira. "Hatukuyumba hata siku moja. Siku ya kwanza kabisa nilimwambia yule kijana wa chaki, nyumba hii yote ni yake."

Nesi, aliyekuwa anakunja nguo za safari, akasimama. "Ulimwambia siku gani?"

"Si siku ile ulipotoka na nywele zako kama umepigwa shoti? Nilishamaliza naye. Akachora vema, kwa macho yangu haya."

"Shangazi, pale mlangoni pana duara."

"Vema."

"Duara!"

Nyumba nzima ikahamia mlangoni. Mjomba akaenda kutafuta miwani, akarudi nayo, akaisogelea ile fremu mpaka pua ikagusa mbao. "Duara lipo," akasema kama hakimu. "Lakini chini yake pamefutwa kitu. Huu mkia hapa ni wa vema."

Halafu Shangazi akapiga makofi, akacheka mpaka akamshika mama mtu begani asianguke.

"Mwizi mkubwa! Hakuwa na kazi hapa! Viazi vyote vile, wifi yangu, kumbe kijana alikuwa anakuja bure!"

Nesi hakungoja viatu vyake, alivaa vya binamu. Kipigo kingine kilimpata akiwa njiani: siku zote yeye ndiye aliyefuatwa, nyumbani kwa Ticha hakupajua. Alijua tu kwamba ni mtaa wa nyuma ya shule. Kwa hiyo akaanza mlango wa kwanza.

"Hodi!"

"Uchaguzi umeisha, dada, tuache tupumzike."

"Siombi kura. Namtafuta mwalimu mmoja, mrefu."

"Amekufanyia nini?"

Mlango wa pili wakamkaribisha chai. Wa tatu kukawa na ugomvi wa shemeji, akaulizwa yeye anaonaje. Wa nne kijana mmoja akajitolea kuwa mwalimu. Alibisha huku jasho linamtoka, viatu vinambana, watoto wa mtaa wameshamfuata nyuma, mpaka bibi mmoja akanyoosha kidole: "Yule anayejifungia siku hizi? Chumba cha mwisho, chenye pazia la kijani."

Ticha alikuwa na fulana, anapiga pasi. Alipomwona akasahau pasi juu ya shati, Nesi ndiye aliyeinyanyua.

"Ulinidanganya."

"Sikukudanganya wewe. Niliidanganya timu."

"Na timu imeshindwa."

"Imeshindwa. Msimamizi amenisema mbele ya watu wote. Anasema asubuhi nilizokaa kwenu ningepata mtaa mzima."

"Ni kweli?"

"Ni kweli." Hakuinama. "Nimekwenda dukani kwa yule mama kumwomba radhi. Hilo najuta, na nitalijuta. Kumenya viazi sijuti."

Nesi akakaa ukingoni mwa kitanda, akavua vile viatu. "Nimeshakubali mpakani. Nilikubali kwa hasira siku ileile. Hasira imeisha, na bado nataka kwenda. Sirudi nyuma, Ticha, hata kwako."

"Ndiyo maana uani nilinyamaza. Ningesema neno, ungebaki. Halafu siku moja ungeniangalia mezani ukaniona mimi ndiyo ile nafasi uliyoikosa."

"Basi sema sasa. Maana sibaki."

Nje wale watoto walikuwa wamepanga macho chini ya pazia. Ticha akafikiri kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kufikiri kwenye mlango wowote.

"Huko kuna shule?"

"Ipo. Nasikia ina mwalimu mmoja na anataka kustaafu."

"Na uhamisho wa kwenda huko wanaukubali?"

"Hakuna aliyewahi kuuomba."

Ticha akacheka, tabasamu likachelewa kidogo kisha likafika lote. Akachukua shati, likiwa bado na moto wa pasi, akaanza kufunga vifungo.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenu. Kuzungumza na mama."

"Leo? Wewe mpenzi una wazimu! Nyumba imejaa watu!"

"Ndiyo maana leo," akasema. "Kesho wanaanza kusafiri. Nani atanisikia?"

Tulimsikia sote. Sisi majirani tulijazana ukutani, wengine wamekanyaga ndoo, na mama mtu alipoitika, vigelegele vya Shangazi vilifika hadi shuleni. Kesho yake mabegi yakaanza kutoka, ndugu mmoja baada ya mwingine, na mwezi haukuisha Nesi naye akaondoka. Ticha alimfuata uhamisho ulipokubaliwa. Baraza likabaki na Shangazi peke yake na viti vyote. Ukipita siku hizo alikuwa anakuita ukae, hata kama huna habari.