Aliyesema Amade Ameua

"Soma tena, dada Yasmin."

Wakili Yasmin alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena taratibu.

"Mwombaji wa hifadhi amekiri hadharani, mbele ya watu wengi, kwamba kwao aliua kijiji kizima. Taarifa imetolewa na mtu wa karibu naye, anayeaminika."

Nje ya ofisi ile ya Kibiti muuza mihogo alikuwa anaita wateja, na Muzdalifa humu ndani anasikia maneno ya kinywa chake mwenyewe yakisomwa kwenye karatasi ya serikali.

"Huyo mtu ni nani?" akauliza, japo alijua.

"Hata mie sijui. Jaji kasema jina libaki siri. Ila kasema pia kamati ya wakimbizi haiwezi kumnyima mtu hifadhi kwa neno ambalo hajaambiwa. Uamuzi wa kwanza kaufuta. Mchumba wako ameelezwa tuhuma, atajibu, asikilizwe upya. Tumeshinda nusu, mdogo wangu."

"Na akishindwa hiyo nusu nyingine?"

"Wanamrudisha Msumbiji. Kwa wale wale waliochoma nyumba yao."

Ngoja nikueleze ilivyokuwa, usije ukamlaani binti wa watu bure. Amade alikimbia vita vya Cabo Delgado, akafikia Salale, kijiji cha wavuvi, akaanza kuvua kamba na kaka yake Muzdalifa, Kheri. Wenyeji wakamfanya mtani, maana watu wa kusini na wao hutaniana toka enzi za mababu. Bibi yake Muzdalifa alipofariki, Amade akaifanya kazi ya mtani msibani, kuwachekesha wafiwa mpaka wampe chochote. Jeneza linatoka, yeye huyo kajilaza kizingitini.

"Bibi huyu nimemuua mie! Kwetu nimemaliza kijiji kizima, sasa zamu yenu! Nipeni changu niwapishe!"

Watu wakacheka na machozi yao usoni. Muzdalifa, aliyelia mpaka sauti ikamkauka, naye akacheka. Siku ile ile akampenda, hata wakachumbiana.

Baadaye akaja afisa wa wakimbizi kuulizia habari za Amade, akamkuta Muzdalifa anaparua samaki.

"Huyu mtu mnamjuaje?"

"Amade? Huyo hatari. Kaua kijiji kizima. Kasema mwenyewe, msibani, sote tumesikia."

Hakutabasamu hata kidogo. Ndivyo utani unavyosimuliwa kule. Ukianza kuufafanua, umeshauharibu. Afisa alitabasamu yeye, akaandika, akafunga mkoba.

"Mazungumzo haya ni siri. Hata yeye asijue."

Muzdalifa akadhani wamecheka pamoja. Akanyamaza, maana mtu wa serikali kasema siri.

"Mashahidi wa msibani nitawapata," Yasmin aliendelea, "lakini kamati itasema kijiji kimepangwa kumtetea. Wanamwamini mtu wao. Angekuja huyo mwenyewe akasema ulikuwa utani, mambo yangekwisha. Lakini nani atajitokeza?"

Muzdalifa akaaga. Alikuwa bado barazani simu ilipoita. Ni Amade, kaazima simu ya mlinzi kule Dar anakoshikiliwa.

"Muzda, umesikia? Mtu wa karibu!"

"Nimesikia."

"Ni Kheri. Tuligombana kwa ajili ya nyavu, nani mwingine? Naapa, huyo simsamehe mpaka kiama."

Angeweza kunyamaza. Sheria yenyewe ilikuwa inamficha. Angeolewa naye, akazaa naye, na Amade asingejua mpaka kufa kwake.

"Si Kheri."

"Umejuaje?"

"Ni mie, Amade."

Amade akauliza kwa sauti ndogo:

"Unanitania?"

"Natamani ingekuwa hivyo."

Simu ikakatwa. Muzdalifa akaandika ujumbe kwenye namba ile ile: "Nilimsimulia afisa kama tunavyosimuliana sisi. Akaniambia ni siri nikanyamaza. Nitakuja kusema mbele yao. Nisamehe." Halikuja jibu. Akarudi ndani kwa Yasmin, akamwambia yote.

Kule Salale habari zilimtangulia. Kheri aliacha kula kwake. Wanawake wakimwona kisimani wanashusha sauti. Akahamia shambani kulinda mpunga, juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia, ndege tu na yeye. Kila asubuhi alipanda kichuguu ambako simu inashika mtandao, akaitazama, akashuka. Upweke ulimkaa kifuani mpaka ukamkondesha.

Siku ya kamati, Amade aliketi upande wa pili akatazama ukuta.

"Wewe ndiye mtoa taarifa?" mwenyekiti akauliza. "Unajua una haki ya kulindwa?"

"Sitaki kulindwa."

"Mbona hukumwambia afisa kuwa ni utani?"

"Mheshimiwa, kwenu mtani akizuia jeneza lisitoke, huwa anaandikishwa maelezo?"

Mjumbe mmoja aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Amade hakugeuka.

Ujumbe wa Yasmin ulimkuta Muzdalifa kichuguuni: "Amepewa hifadhi, na kibali cha kuishi Salale. Kesho atapitia Nyamisati kupanda boti." Kutoka kwa Amade mwenyewe, hakuna.

Alikwenda Nyamisati bila kuitwa. Adhuhuri Amade akatokea gatini, kakonda, begi begani. Muzdalifa akamsogelea.

"Pole na safari."

"Nishapoa."

"Amade, mie..."

"Kule ndani nilimshuku kila mtu aliyewahi kunipa hata chai. Wote, Muzda. Wewe sikukuwaza hata mara moja. Hilo ndilo linaloniuma."

Muzdalifa akalia pale pale, mbele ya wachukuzi na wauza samaki.

"Basi nitapanda boti ya kesho. Nenda, nisikukere macho."

"Niende kwa nani? Kheri nimemwapiza bure, bibi kafa, kwetu kumeungua." Akahamishia begi bega la pili. "Hasira ninazo. Zitakaa sana, usidhani zimekwisha."

"Nitakaa nazo."

Nahodha akaanza kuita abiria wa Salale. Amade akaketi ubaoni ndani ya boti, begi akaliweka pembeni yake, palipokuwa na nafasi ya mtu mmoja. Muzdalifa akabaki kasimama gatini, hajui apande au arudi.

Nahodha akauliza, "Hapo pana mtu?"

Amade akalinyanyua begi, akalipakata.

"Pana mtu," akasema. "Mke wangu mtarajiwa huyo, bado hajapanda."